Kovu Chini ya Kofia

Anchia mwanangu,

Umetoka kwenda kusukwa kwa shoga yako Zubeda, na kwa jinsi mnavyopenda kucheka najua hutarudi kabla ya magharibi. Nimetandaza karatasi juu ya meza ya cherehani kwa sababu ndipo penye mwanga, na mashine nimeifunika kitambaa isije ikanishawishi. Juzi ulinikuta nimeshika kalamu ukaniuliza kama naandika vipimo vya mteja, nikakujibu ndiyo. Havikuwa vipimo. Nilikuwa naanza barua hii na kuichana.

Mambo ya safari hutayakuta humu. Gari la kwenda Nampula unalijua, bolsa yako ya masomo unaielewa kuliko mimi, na habari za kula, kulala na kuchagua marafiki nimezisema mpaka siku hizi unanimalizia maneno mdomoni. Nataka kukuandikia habari ya picha. Unakwenda kusomea ualimu wa kuchora, utakaa miaka unatazama picha na kuchora kutoka humo, na mimi kuna jambo nimejifunza kuhusu picha kwa kukosea. Ni jambo linalomhusu kaka yako Sumaili. Nimekuficha tangu mvua zilipoisha, na ukiondoka kesho bila kulijua nitakuwa nimekudhulumu.

Nianze na lile kasha la bibi yako, maana hapo ndipo uchoyo wangu ulipoanzia. Unalikumbuka, lilikuwa chini ya kitanda, na ufunguo niliufunga kwenye pindo la kanga. Humo ndimo picha zetu zilimokaa, ukiacha chache za ukutani: arusi yangu, baba yenu na cherehani yake mpya, nyinyi mkiwa wachanga. Ndugu wakija na kuomba moja nilikuwa na majibu tayari. Itachakaa njiani. Nitakutolea kopi. Ngoja Idd. Baba yenu alipofariki, shangazi yenu Muaija alivuka kutoka Mtwara akakaa nasi msiba mzima, na siku ya kuondoka aliketi kitandani akaniomba nifungue kasha.

"Wifi, nipe nami niwatazame nikiwa kule," aliniambia. "Kaka yangu sina hata foto moja."

Nilimbishia kila aliyoishika. Ile ya arusi, hapana. Ile ya baba yenu amevaa koti, hapana. Mwishowe alichoka, akaniuliza, "Hivi picha hizi ni zako wewe, au ni za watu waliomo?" Niliona amenivunjia heshima. Nikachagua chache nilizoziona mbovu nikampa ili aondoke: baba yenu alipokuwa kijana, imefifia, ami yenu amesimama studio kakunja uso, na Sumaili siku ya Idd, ambayo nilimpa kwa sababu kijana alikuwa amenuna na haikunipendeza.

Kilichofuata unakijua. Vita vilipofika mtaani kwetu nyumba iliungua na kasha likaungua ndani yake. Zile nilizozifungia kufuli hakuna aliyeziona tena, na zile nilizonyang'anywa na wifi yangu ndizo zilizoturudia kwenye simu, moja moja, siku tulipompata shangazi hewani tukiwa wakimbizi Pemba, hii yetu ya bara. Ulikuwa umekaa pembeni yangu picha ya baba yenu ilipofunguka. Ulisema, "Kumbe alikuwa na masikio makubwa," tukacheka wote, halafu mimi nikatoka nje. Nilitoka kwa aibu, Anchia. Nilikuwa nimemnyima dada mtu uso wa kaka yake, na ule nilioutoa kwa kinyongo ndio peke yake niliobakiwa nao.

Siku tuliyompoteza Sumaili sitaiandika yote. Ulikuwepo, ingawa nilikuziba macho kwa kanga sehemu kubwa ya njia. Nataka tu ujue kwamba asubuhi ile hatukugombana. Watu wengi wanaopotelewa wana neno baya la mwisho linalowatafuna, mimi sina. Aliamka, akala muhogo wa jana, akaenda bandarini kupakua saruji, akaniambia jioni ataleta samaki. Risasi zilipoanza, watu wa mtaa wetu walikimbilia pwani na watu wa bandarini wakakimbilia walikojua wao. Mashua ya jirani ilitupeleka Macaloe. Pale kisiwani kila chombo kilichotia nanga nilikwenda kukitazama, na kila mara wewe ulisimama mbele yangu ukachungulia kwanza, ili kama hayupo uwe wewe wa kuniambia. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Mpaka leo sijakushukuru kwa hilo.

Basi picha ya Idd ikawa ndiyo Sumaili wetu. Niliipeleka duka la makopi pale Pemba wakaitoa kubwa, wakaitia plastiki isilowe, nami nikatembea nayo kifuani. Niliionyesha kwenye foleni za mchele, misikitini baada ya sala, kwa madereva, kwa wanawake waliofika kutoka kila upande. Na tuliporudi hapa Mocímboa niliionyesha diko zima, kila samaki alipoteremshwa nami nikiwa pale na plastiki yangu. Watu walikuwa wema. Waliishika kwa mikono miwili, wakaisogeza juani, wakanirudishia. "Ntoto huyu simjui, mama. Pole." Nimelisikia neno hilo mpaka nikawa naona mdomo wa mtu unalitengeneza kabla hajasema.

Kisha ukaja mchoro wako.

Ilikuwa mwaka jana, wakati wa likizo ya shule. Nilikukuta barazani na simu yangu mbele yako na picha alizotuletea shangazi, na karatasi kubwa aliyokupa profesa wako wa desenho, yule kijana wa Zambézia anayewafundisha kuchora. Ulikuwa umeigawa karatasi viboksi kwa penseli hafifu, na katikati yake alikuwa ananitazama mwanamume. Alikuwa na taya la baba yenu. Alikuwa na ndevu chache kidevuni. Na juu ya jicho la kushoto, nyusi yake ilikuwa imekatwa na kovu.

"Nani huyu?" nilikuuliza, na nilikuwa nimeshamjua.

"Kaka. Alivyo sasa," ulisema bila kuinua kichwa. "Profesa anasema uso una njia yake ya kukua. Nimetazama taya la baba kwenye foto yake ya ujana, na pua ya ami, na macho yako ya kwenye BI, kile kitambulisho. Nikaenda diko kutazama vijana wa umri wake, ngozi inavyokaa."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama. Ile foto ya Idd ni ya ntoto. Sisi tunatafuta ntu nzima kwa uso wa ntoto."

Nikakujibu kwamba kuchora kiumbe chenye roho ni dhambi. Uliitazama ile picha ya Idd iliyoegemea ukuta, ukanitazama mimi, ukauliza kwa adabu zako zote, "Na ile?" Nikasema ile imepigwa na mashine, haikuchorwa na mkono wa mtu. Nilikuwa natafuta pa kujificha. Siku chache baadaye nilimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani nikamweleza, naye akaniambia, mama, unamtafuta mwanao aliyepotea, hiyo ni haja, na Mungu anaijua nia yako. Niliitikia, nikarudi nyumbani, na sikukuambia kwamba nilikwenda.

Dini haikuwa sababu, mwanangu. Sababu ni hii: kwenye picha ya Idd Sumaili alikuwa bado ananisubiri nimtengenezee chai. Kwenye mchoro wako alikuwa ameota ndevu, amekomaa, na miaka yote hiyo sikuwepo. Alikula wapi, alilala wapi, nani alimwuguza homa, hayo yote niliyaona kwenye taya ulilolichora, na yaliniumiza nikakasirika. Nilikukasirikia wewe kwa sababu ulikuwa karibu. Nikauchukua mchoro nikautia kwenye droo ya cherehani, kifudifudi.

Hapo nilifanya jambo ambalo sikulijua mpaka baadaye. Unakumbuka baba yenu alipofariki, kwamba nilizigeuza picha zake ukutani, na zilikaa hivyo mpaka nilipotoka eda. Ndivyo tulivyowakuta mama zetu wakifanya, na mtoto wa nyumba yetu haelezwi. Akiona uso umegeuzwa anaelewa mwenyewe. Kesho yake ulifungua droo kutafuta mkasi. Uliuona mchoro umelala kifudifudi. Ulichukua mkasi, ukafunga droo taratibu, na hukuniuliza kitu.

Tangu siku hiyo uliacha kuchora nyuso. Ulichora vyungu, ulichora miguu ya meza, ulichora mikono isiyo na mwenyewe. Nilidhani umenitii, na nilijisifu kimoyomoyo kwamba bado nina sauti ndani ya nyumba yangu. Mpaka siku moja mama yake Zubeda, tukiwa tunachambua mchele, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole, Mama Sumaili. Anchia kamwambia Zubeda kwamba umemgeuza kaka yake. Mlipata habari lini?"

Niliweka ungo chini. Nilifahamu kwamba mwanangu amekaa miezi akimlia kaka yake peke yake, akidhani mimi nimeletewa habari nikamficha, na akanistahi asinitoneshe. Na hapo ndipo nilipokosea kuliko mahali pengine popote. Nilipaswa kurudi nyumbani mbio, nikugeuzie ule mchoro mbele ya macho yako, nikuambie sikupata habari yoyote. Sikurudi mbio. Nilijiambia kwamba nikikuambia hajafa, utaniuliza nimejuaje, nami sikuwa na cha kukujibu. Nilikuacha kwenye msiba ambao niliuanzisha mimi kwa kufunga droo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo nililolificha.

Mvua zilipokwisha, alikuja mzee mmoja kutoka Quionga kupunguziwa suruali. Anaitwa Mzee Nfalume, anafanya biashara ya nazi, pengine umemwona. Nilivuta droo kutoa futi, droo ikaganda, nikaivuta kwa nguvu, ikatoka yote na vitu vikamwagika sakafuni. Mzee akainama kunisaidia. Aliokota vifungo, akaokota mchoro, akaugeuza. Akakaa nao.

"Huyu kijana kafika huku?" aliniuliza.

Nikamwuliza kijana gani.

"Huyu wa kovu. Alikuwa kwetu, anaangua nazi na kupakia. Simjui jina, tulikuwa tunamwita Kimya."

Nilikimbilia picha ya Idd, nikamwekea mkononi. Aliitazama sana, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga. "Huyu hapana," akasema. "Hii nimewahi kuonyeshwa pale diko, mwaka ule watu waliporudi. Ni wewe ulinionyesha? Nilisema simjui, na simjui."

Anchia, ni mtu yuleyule. Mzee yule aliishika picha ya mwanangu mikononi mwake wakati mwanangu yuko kwake anaangua nazi, akaniambia pole. Hakunidanganya. Mimi ndiye niliyemwonyesha kitu ambamo Sumaili hakuwemo.

Kwa nini hakuwemo, hilo hujui, kwa kuwa ulikuwa mdogo na siku ile ulikuwa unahangaika na pilau. Baba yenu alikuwa ameshaanza kuumwa na shati la Idd la Sumaili halikuwa limekwisha. Mpiga picha alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, hakuna muda. Nikamvalisha hivyohivyo na kulibana mgongoni kwa pini, na mkono mmoja wa shati ulikuwa umeshikizwa tu kwa uzi wa kupitisha. Nikamwambia asitikisike. Ndiyo maana amesimama amekakamaa, mabega juu, amenuna: alikuwa anachomwa na pini. Anayeitazama picha anaona kijana mwenye kiburi ndani ya shati zuri. Nyuma yake, nje ya picha, nimesimama mimi na pini nyingine mdomoni.

Na kofia. Kofia niliidarizi mwenyewe, kwa miezi, na nilitaka ionekane. Lakini kulikuwa na lile kovu la nyusi alilolipata utotoni alipoangukia chuma cha cherehani, na mimi siku zote niliona linamharibia uso. Kabla mpiga picha hajabonyeza nilisogea nikamvutia kofia chini mpaka ikafunika nyusi. Nikarudi nyuma nikatazama, nikaona sasa anapendeza. Alama moja ambayo ingemtambulisha popote duniani, niliifunika kwa mikono yangu, kisha nikaibeba picha hiyo kifuani miaka yote nikimtafuta kwayo.

Wewe ulilikumbuka kovu. Ulimchora bila kofia.

Nilipotulia nilikuaga kwamba nakwenda Quionga kununua nazi. Utakumbuka, maana nilirudi na nazi mbovu nusu gunia ukanicheka siku mbili. Nilikwenda na mchoro wako nimeukunja ndani ya kanga. Nilimkuta Bi Atija, mwenye nyumba alikopanga yule kijana. Aliutazama mchoro akaniambia mara moja, "Ni yeye. Amenenepa kidogo hapa, lakini ni yeye." Nikamwuliza yuko wapi. Akasema aliondoka kabla ya mvua, alisikia kuna watu wengi wa Mocímboa walikimbilia Nampula, akaenda kutafuta watu wake huko.

"Alisema watu gani?"

"Mama yake na dada yake. Kila mgeni aliyepita hapa alimwuliza. Mama mnene, anacheka kwa sauti, hakosi msiro mweupe wa urembo usoni. Na binti mdogo, hapa hivi." Akaweka mkono usawa wa kifua chake. "Mimi mama huyo sijapata kumwona."

Nilikuwa nimekaa mbele yake, Anchia. Magoti yetu yalikuwa yanakaribia kugusana. Nilijitazama mikono yangu ilivyokauka, nikaelewa kwa nini hakuniona. Unene ule ulibaki Macaloe na Pemba. Msiro sijapaka tangu siku ile. Na wewe ukisimama leo unanizidi kimo. Nilikuwa nimefikiri kwamba anayepotea ni mmoja, na sisi tuliobaki tumekaa palepale tukimsubiri. Kumbe naye anatembea na picha yetu kichwani, nzuri, ya zamani, na anawaonyesha watu, na watu wanamwambia pole.

Sikukuambia niliporudi. Nilisema moyoni nihakikishe kwanza. Nilimpigia simu kila mtu ninayemjua Nampula na hakuna aliyemwona, na kila siku iliyopita ilifanya ugumu wa kusema uongezeke. Niliogopa pia. Ulikuwa na mitihani, ulikuwa na bolsa ya kungojea, na niliogopa kukutoa msibani kisha nikurudishe tena kama Bi Atija amefananisha. Huenda amefananisha. Nakuomba ulishike hilo pamoja na furaha yoyote utakayoipata ukisoma hapa. Mungu akajalia jibu lako la shule likaja la Nampula, na nililia siku ile ukadhani nalilia kuondoka kwako.

Kwa hiyo nataka uondoke na mchoro. Lakini una makosa, na sasa naweza kukuambia, maana mwaka jana nilikuwa nimejaa hasira sikuweza kuutazama kama kazi. Umemchora amekakamaa. Mabega umeyatoa kwenye picha ya Idd, na yale mabega ni ya pini, si yake. Sumaili hakusimama hivyo hata siku moja. Alikuwa anaegemea. Akisimama uzito wote aliutupa mguu wa kulia, na kichwa kikaenda kushoto kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Ulizoea kumwiga ukiwa mdogo. Mchore upya ameegemea. Na usimfanye mnene wala mwembamba kwa kukisia, nenda ukatazame vijana wanaobeba mizigo Nampula, miili yao itakuambia, na huenda kwa kutazama miili yao ukakutana na wake.

Na huko chuoni, ukipewa picha uchore kutoka humo, itazame, ipime, igawe viboksi kama unavyojua. Kisha jiulize nani alikuwa amesimama nje yake ameshika pini, na nini kimevutwa chini ili kisionekane. Sisemi picha ni za uongo. Bila zile za shangazi usingekuwa na taya la kuanzia. Nasema tu kwamba mimi nilikuwepo ilipopigwa, nilijua kilichofichwa, na bado nikaiamini kuliko mwanangu alivyokuwa.

Yule mtu wa duka la makopi amenitolea kopi ya mchoro. Ukirudi kutoka kwa Zubeda utaikuta ukutani, mahali pa picha ya Idd, uso unatazama mlangoni. Nimeibandika kabla sijaanza kuandika. Ukiiona kabla hujasoma barua hii, ujue nilikuwa najibu swali ambalo hukuniuliza ulipofunga droo.

Mchoro wenyewe nimeuweka ndani ya daftari lako la kuchorea, na nyuma yake kuna bahasha. Ndani ya bahasha ni mimi. Nilikwenda jana kwa mpiga picha wa karibu na soko. Aliniuliza kama nitapaka msiro kwanza, akaniambia kina mama wote hupaka. Nikasema hapana. Akasema basi nishushe kilemba kifunike mvi, nikasema hapana, na nikakisogeza nyuma zaidi. Alidhani sina akili. Nimetoka mwembamba, mashavu yameingia, na jino la pembeni lililoanguka linaonekana kwa sababu nilicheka, maana Sumaili alisema mama yake anacheka kwa sauti, na kicheko hicho bado ninacho.

Mchoro waonyeshe watu wote, Anchia, sokoni, misikitini, kwenye magari. Lakini siku Mungu akikusimamisha mbele yake mwenyewe, usimwonyeshe mchoro, yeye uso wake anaujua. Mwonyeshe ile ya kwenye bahasha. Atabisha. Mwache aitazame mpaka anione.

Mama yako,
ambaye mtaa mzima bado unamwita Mama Sumaili, naye bado anaitika.